Mmoja. Haya.

Leo Jumatano, na lile neno la mama mkwe wangu bado halijanitoka. Nilidhani litakaa siku mbili kama mwiba wa samaki kooni, kisha litashuka na tonge la ugali. Limeng'ang'ania palepale.

Mama mkwe mnamjua. Nilimwandika alipofika Januari kutoka Tanga na zile chupa za mafuta ya nazi zilizoganda ndani ya gari kabla hatujafika Northampton, huku Uingereza, akadhani ameuziwa mafuta mabovu. Basi Ijumaa, nimetoka msikitini, naburuta vitu vyangu vya kuvulia samaki ziwani kwenye korido. Fimbo mbili, hema, kitanda cha kukunja, wavu wa kuopolea, na lile fuko la kulalia la misimu mitano. (Mwaka wa huku una misimu minne. Huo wa tano nadhani ni saa kumi usiku.) Yeye amekaa jikoni karibu na oveni, mlango wazi, ananitazama. Amevaa sweta la binti yake, kanga juu yake, na miguuni ana soksi zangu nzito.

Akasema, "Mwanangu, fuko hilo laingia watu wangapi?"

Nikasema, "Mmoja tu, mama."

"Mmoja." Akalitazama tena lote, kuanzia juu hadi chini, kama anayepima kitambaa dukani. "Haya."

Basi. Ndiyo yote. Akageukia sufuria yake, mimi nikapakia gari.

Nilipofika taa za kwanza za barabarani nikaanza kuirudia. "Mmoja" aliitamka bila kuuliza. Aliirudisha tu, kama mtu anavyohesabu chenji mbele ya mwenye duka ili mwenye duka naye aione. Halafu ile "haya". Iko haya ya kukubali, iko haya ya kufunga mazungumzo, iko ile unayomwambia mtoto aliyekataa kusikia, aende akajionee mwenyewe. Na watu wa Tanga wanayo moja ambayo ukiambiwa inakupasa urudi ndani, uvue viatu, ukae. Sikujua ni ipi. Kumwuliza siwezi, mkwe haulizwi "ulikusudia nini". Kwa hiyo nikawa na haya mbili, ile aliyoisema yeye na ile inayonizuia mimi kuuliza.

Maana kidude cha ukutani nyumbani, kile cha kupangia joto la hita, nimekiweka nyuzi 17 tangu Novemba. Sababu mnaijua, niliandika siku ile bili ya gesi ilipoingia. Hita inajizima saa nne usiku. Na huyu ni mama aliyetoka mahali ambapo usiku wa Julai, ukiitafuta baridi kwa tochi, utapata nyuzi ishirini na kitu. Na fuko nimelinunua pauni 140. Mama Watoto anajua 60. (Hasomi hapa. Nadhani.)

Nikafikiri hata kanga. Ninyi wa pwani mtanielewa. Kama alitaka kusema kitu angekivaa. Lakini lile sweta lilifunika maandishi, nikaambulia neno moja tu upande wa kiuno: MWENZIO. Mwenzio nini? Kanga ngapi zina mwenzio?

Wiki hii pia kazini wametangaza zamu yetu ya usiku inafungwa mwisho wa Aprili, na binti mkubwa amefaulu mtihani wa kuendesha gari kwa mara ya kwanza, lakini ngoja nimalize hili.

Ziwa ni lilelile, shimo la kokoto la zamani kando ya mto Nene. Nilikwenda usiku mmoja, wa mwisho kabla ya Ramadhani. Wanaoniandikia kuuliza mtu anakaaje nje Februari kumsubiri kapi (wa Naivasha mnamjua samaki huyu, huko naye yumo ziwani), nitasema tena kwa kifupi, maana mimi mwenyewe nilijifunza kwa kutetemeka.

Baridi huanzia kwenye toroli. Unasukuma mzigo wa kilo hamsini kwenye tope, unatoka jasho, unafika unakaa. Jasho hilo ndilo litakalokugandisha saa sita usiku. Siku hizi nasukuma na fulana moja tu hata kama meno yanagongana, nikifika najifuta, navaa nguo kavu kuanzia ya ndani kabisa. Pamba siivai, ikinywa maji haiachi. Sufu inaloa na bado inakutunza. Soksi zisikubane, kidole kisipocheza damu haifiki. Boshori kichwani hata ndani ya fuko. Na jambo lililonichukua msimu mzima kulielewa: baridi inayokutesa inatoka chini. Ule unyoya wa fuko ukiulalia unabonyea, hewa inatoka, unakuwa umelalia kitambaa. Kwa hiyo juu ya kitanda natandika mkeka wa sponji, na juu yake blanketi kuukuu la sufu. Chupa ya mpira ya maji moto naiweka katikati ya mapaja. Simu na betri nalala nazo, baridi huzinyonya chaji. Na jiko la gesi haliingii hemani. Haliingii. Tumezika watu nyumbani kwa jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku, na hewa hiyo ni hiyohiyo, haina harufu wala haibishi hodi.

Jirani yangu alikuwa Mzee wa Hema la Kijani, yule yule mvuvi mwenzangu wa kila mara. Kama kawaida hazikupita dakika kumi kabla hajamtaja Richard Walker, mvuvi maarufu wa Kiingereza, na kapi wake wa ratili 44 aliyemtoa bwawa la Redmire Pool mwaka 1952, akapelekwa kuishi bustani ya wanyama ya London. Kila akisimulia, mimi huwaza wale watu walivaa nini.

Chambo nilitupa kidogo sana. Maji yakiwa baridi kapi anakula kama mgonjwa, ukimmwagia ndoo nzima umeshamshibisha kwa siku tatu. Punje mbili tatu za zile tufe za chambo zenye ladha ya stroberi kuizunguka ndoana, chubwi ikatua mahali pagumu, nikaweka kengele za fimbo sawa, nikaingia kwenye fuko.

Saa nane usiku kipimajoto kilisoma mbili chini ya sifuri. Sakitu ilikuwa imetanda juu ya hema, ukiigusa inakwaruza kama chumvi ya mawe. Na mimi nilikuwa na joto. Joto zuri, la miguu mpaka masikio. Hapo ndipo palipouma. Ningekuwa natetemeka nadhani ningelala kwa amani, tungekuwa wote tunatetemeka. Nikatazama saa, nikahesabu hita imezimwa saa nne zilizopita, na chumba alicholala yeye ndicho chenye lile dirisha linalopitisha baridi.

Nikamwandikia Mama Watoto: muulize mama yako alikusudia nini kuhusu fuko.

Sijui alikuwa macho anafanya nini, alijibu papo hapo. "Alikusudia alichosema."

Nikatafuta kitu cha kula, maana mwili wenye njaa hautengenezi joto, nikagusa kwenye begi kifurushi cha karatasi ya fedha ambacho sikukifunga mimi. Vitumbua. Bado vilikuwa na uvuguvugu kidogo katikati, kwa kuwa vilikaa jirani na chupa ya chai. Alivitia lini? Nilikuwa namwona muda wote! Nikavihesabu kwa taa ya kichwani, vilikuwa tisa. Vitumbua tisa kwa mtu mmoja. Sasa hii nayo ni lugha au ni vitumbua?

Saa kumi na robo kengele ya kushoto ikalia, mlio mmoja, kimya, halafu mfululizo. Kutoka kwenye fuko la misimu mitano mbio mbio ni aibu kuiandika, zipu ilikamata boshori. Samaki wa baridi hapigani kwa kasi, anaelemea tu, kama mtu anayekuvuta mkono sokoni akutoe pembeni mzungumze. Dakika kama kumi hivi. Mzee alikuja na wavu bila kuitwa. Nikaumwagia maji mkeka wa samaki ili asichubuke, tukamlaza. Ratili 19 na robo, karibu kilo tisa, ndevu zake nne mdomoni kama shehe, na mwili baridi kiasi kwamba vidole viliacha kusikia kabla sijamaliza kumtoa ndoana. Picha moja, akarudi majini. Alikaa kidogo pembezoni akipumua, kisha akaenda bila haraka.

Tukakaa na chai. Nikampa Mzee kitumbua, akala cha pili bila kuambiwa, na nikajikuta namsimulia yote, fuko, mkwe, nyuzi 17. Nilihangaika kumfasiria "haya". Nilimwambia ni neno dogo, lakini sauti ndiyo inayobeba. Alitafuna mpaka mwisho, akajifuta mafuta kwenye ndevu, akasema, "Labda alitaka kujua linaingia watu wangapi."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Wallahi sikuwa nimelifikiria. Nilicheka mpaka kwenye hema la tatu mtu akakohoa kutuonya.

Fajiri nilitawadha kwa maji niliyoyabakiza kwenye chupa, mkono wa kulia ukapata ya moto, wa kushoto ukapata hadithi. Nikafungasha.

Jumamosi mchana nimelitandaza fuko kwenye kochi lipigwe hewa, maana pumzi ya usiku huliacha na unyevu na ukilikunja hivyo linaoza. Mama akaja na ile mikono yake nyuma. Akalizunguka. Akainama, akanusa.

"Mbona lanuka stroberi?"

"Ni chambo, mama."

"Samaki wa huku wala stroberi?"

"Wanakula, mama."

Akalikubali hilo kwa urahisi kuliko nilivyotarajia. Akauliza zipu yafunguka wapi. Nikamwonyesha, nikageuka upande wa dirisha kwa adabu, nikasikia zipu ikipanda taratibu, ikakwama, ikapanda. Nilipoambiwa nigeuke mama mkwe wangu alikuwa kwenye kochi ameingia mpaka kifuani, mikono nje, ushungi umekaa sawasawa, anafanana na nguva aliyestaafu. Akajitikisa kulia. Akajitikisa kushoto.

"Kumbe kweli," akasema. "Mmoja."

Haya haikufuata. Niliisubiri, haikuja. Akaomba rimoti.

Halijarudi stoo tangu siku hiyo. Analala nalo. Mama Watoto anasema usiku husikia zipu na "bismillahi" kwa pamoja. Jumapili nikaona hata hivyo nifanye uungwana, nikapandisha kidude cha ukutani mpaka 20, kimya kimya. Jumatatu asubuhi kimerudi 17. Mama Watoto kaapa si yeye. Watoto hawakigusi. Kabaki mtu mmoja, naye alikuwa jikoni anakaanga, akaniambia gesi ya Ulaya ni ghali, amesikia kwenye taarifa ya habari, na mimi nina watoto wa kusomesha. Sasa niambieni ninyi. Hayo ni maneno ya mtu aliyenisema Ijumaa, au ya mtu ambaye hakuwahi kunisema?

Jana nimeikuta ile kanga inakauka juu ya hita ya korido. Imekunjwa mara mbili, maandishi yameingia ndani, na kona ndogo tu ya WENZIO inaonekana. Ningeinyanyua kwa kidole kimoja ningeisoma yote. Nilisimama pale na kikombe mkononi. Lakini kanga ya mkwe haishikwi, na mtu akinikuta nitasema nini? Nikaenda zangu kazini. Niliporudi ilikuwa imeshaondolewa.

Ningeandika zaidi ila kaka kanitumia picha ya nyumba yetu kule Pongwe saa hii, ukuta wa nyuma. Fundi anasema ni plasta tu imepasuka. Nimeikuza mara nne. Ufa unaanzia kona ya chini ya dirisha la chumba cha watoto na unashuka mshazari mpaka kwenye msingi. Plasta haipasuki hivyo. Nimempigia fundi mara mbili, simu inaita haipokelewi, na masika yanaanza mwezi ujao.