Siku ya kumi na moja mjusi wetu Babu hajala: siku moja maishani mwangu, Sakina, Arusha

Saa 10:45 alfajiri

Julai hapa Sakina baridi inakukuta hata ukiwa chini ya mablanketi mawili. Ukungu wa Meru umeshuka mpaka kwenye paa la jirani. Naamka kabla simu haijalia, navaa buti, naenda bandani.

Nina vifaranga 300 wanaotimiza siku saba leo. Kabla ya kuwasha tochi huwa nasimama mlangoni nasikiliza. Kifaranga aliyeshiba joto analia taratibu, kama anazungumza peke yake. Mwenye baridi anapiga kelele kali. Leo kelele nimezisikia tangu uani. Wamerundikana kona moja, wanapandana, na kipimajoto cha bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, kinasoma nyuzi 27, wakati wiki ya kwanza wanataka 32 hadi 35. Jiko la mkaa lilikuwa limefunikwa na majivu yake lenyewe. Nachochea, naongeza mkaa, nashusha taa ya joto kidogo, nawatawanya kwa mikono. Namshukuru Mungu, hakuna aliyekufa kwa kulaliwa na wenzake. Baada ya nusu saa wamesambaa banda zima, wengine wamejilaza na mabawa wameyaachia.

Kisha sabuni, maji ya moto, buti nje, kandambili za ndani. Hapa sina mzaha. Mijusi wa kufugwa hubeba vijidudu vya salmonela tumboni bila wao wenyewe kuumwa, na sitaki kuipeleka kwa vifaranga wala kwenye sufuria zangu. Kwa hiyo vifaranga kwanza, Babu baadaye, na sabuni katikati.

Saa 12:15 asubuhi

Babu ni mjusi wa Australia, wa kule bara kwenye ukame, yule mwenye miiba laini chini ya kidevu inayotuna kama ndevu. Wageni wakimwona wanasema kenge. Mwaka 2021 familia iliyokuwa imepanga jirani yetu iliondoka nchini ikamwachia mwanangu, pamoja na sanduku lake la kioo, taa mbili na karatasi ya maelekezo. Nilikubali kwa sababu ya mtoto. Sasa ni wa kwangu kama alivyo wa mwanangu, na sioni aibu kusema kwamba usiku wa kuamkia jana nililia kwa ajili yake.

Leo ni siku ya kumi na moja hajala. Namweka kwenye mzani wa jikoni: gramu 381. Katikati ya Juni alikuwa 407. Namwekea funza watatu hai mbele ya pua, hawa wa inzi weusi ninaowafuga kwenye mabaki ya sokoni kwa ajili ya kuku. Zamani alikuwa anawarukia kabla sijaondoa mkono. Leo anawatazama tu, anafumba jicho moja. Ngozi yake, ambayo ni ya rangi ya mchanga, imekuwa nyeusinyeusi, hasa kidevuni.

Mwanangu anafunga kamba za viatu vya shule mlangoni, ananiangalia.

"Mama, atakufa?"

"Chukua sweta, baba, utachelewa gari."

Jirani yangu wa ukuta wa pili alinishauri nimkorogee uji mwepesi, nimnyweshe kwa bomba la sindano bila sindano, kama tunavyofanya kwa ndama. Bomba nimeshalinunua, liko juu ya kabati. Nilipanga iwe leo.

Saa 1:30 asubuhi

Chanjo ya kideri, ugonjwa unaofyeka kuku. Maji niliyatoa bandani mapema ili wapate kiu. Nachanganya dawa kwenye maji ya kisima yasiyo na klorini, naongeza maziwa ya unga kidogo, nagawa kwenye vinyweshea. Inabidi wamalize ndani ya saa mbili, la sivyo chanjo inakufa, kwa hiyo nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nawaangalia, nikiwasogeza wale wazembe mmoja mmoja mpaka walowanishe midomo.

Ukiwatazama vifaranga muda mrefu unaanza kuwasoma. Wakilikimbia jiko, wamezidiwa na moto. Wakisongamana upande mmoja tu, kuna upepo unapita upande wa pili. Wakiligandia jiko, wana baridi. Kulikuwa na mmoja aliyejibana kwenye bati nyuma ya jiko, ubavu wake wote umeligusa, macho nusu yamefumba. Namtazama, na moyo ukanipasuka paa!

Babu kwa siku kumi na moja amelala kwenye kona ileile ya sanduku lake. Mimi na mwanangu tulisema anajificha, labda anaumwa, labda ana huzuni. Kona ile imeegemea ukuta wa jikoni. Upande wa pili wa ukuta ndipo jiko langu linapokaa.

Nikaacha vifaranga na maji yao, nikakimbia ndani na kipimajoto cha bruda mkononi, nikakilaza juu ya jiwe ambalo Babu huota. Dakika tano. Nyuzi 24! Juu yake taa inawaka vizuri kabisa, nyeupe, inang'aa. Nikapitisha kiganja chini yake: hakuna kitu.

Nikakumbuka. Balbu ya zamani iliungua yapata wiki tatu zilizopita. Mwanangu alikwenda dukani, akarudi na balbu ya siku hizi isiyokula umeme, akaifunga mwenyewe, nami nikamsifu. Balbu hizo zinatoa mwanga na moto hazina. Zile za waya za zamani ndizo zilizokuwa zinachoma, na kwa mjusi ule moto uliokuwa unapotea bure ndio uliokuwa chakula chake cha kwanza.

Maana mjusi hana jiko ndani ya mwili. Sisi tukila tunajipasha wenyewe. Yeye anaazima joto kwa jua, kwa jiwe, kwa chochote. Huyu wa Australia anahitaji mahali pa kuotea penye nyuzi 38 hadi 42, na upande wa pili pa kupoa penye nyuzi kama 26, ili achague mwenyewe. Asipolipata lile joto tumbo halisagi, na mwili wenye akili unakataa kula. Kule kuwa mweusi nako nikakuelewa: rangi nyeusi inavuta joto upesi. Wiki tatu alikuwa ananieleza kwa ngozi yake.

Miaka tisa nalea vifaranga. Mkono huu unajua joto la banda kuliko kipimajoto. Haukuwahi kupita chini ya taa ile hata mara moja, kwa sababu macho yaliona inawaka.

Saa 3:20 asubuhi

Vifaranga wamemaliza maji. Taa ya joto ya akiba ninayo, ila inataka holda ya kauri, ya plastiki itayeyuka. Napanda haisi kwenda Kilombero. Nikiwa kwenye siti ya nyuma nampigia daktari wa mifugo anayenihudumia kuku.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba mama. Chanjo imekwendaje?"

Namweleza yote. Ananyamaza kidogo, halafu anauliza kama nimeshamlisha kwa nguvu. Nasema bado, bomba liko kabatini. "Liache hukohuko," anasema. Chakula kikiingia kwenye tumbo la baridi hakisagwi, kinaoza. Na ukimnywesha mjusi mnyonge ovyo, uji unaweza kuingia kwenye mapafu. Mpangilio wake ni huu: joto, halafu maji, halafu chakula, tena baada ya siku moja au mbili za joto kamili. Mjusi mzima aliyeshiba hapo awali anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na asidhurike, mradi uzito usishuke sana. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, au siku nne za joto zikipita bila kuonja kitu, nimpeleke. Na akipata choo nisikitupe, akitazame kwenye hadubini kama kuna minyoo au vimelea vya koksidia.

Neno koksidia lilinishtua, kwa sababu ndilo linalowaharisha kuku wangu damu. Akanituliza kwamba wa kuku hawamwingii mjusi. Kila mnyama ana wa kwake.

Saa 4:30 asubuhi

Fundi ameniuzia holda na waya mzito. Napitia upande wa mboga kuchukua mabaki ya kulishia funza na majani ya Babu. Hili niliseme, kwa sababu watu wengi wakimpenda mnyama wanampa wanachokipenda wao. Mchicha na spinachi, ambavyo hapa ni kila kona, simpi mara kwa mara: vina asidi inayoshika madini ya kalsiamu yasifike kwenye mifupa. Sukuma wiki na boga ndiyo namkatia. Parachichi, japo Arusha yameoza chini ya miti, ni sumu kwake. Vimulimuli ndio kabisa. Inajulikana mjusi wa jinsi hii amekufa kwa kumeza kimulimuli mmoja. Panzi wa shambani nawaogopa kwa sababu ya dawa za nyanya. Funza wangu nawaamini, nimewalea mwenyewe na wana kalsiamu nyingi, na juu yake namnyunyizia unga wa maganda ya mayai.

Saa 6 mchana

Nimefunga taa juu ya wavu, nje ya sanduku asije akaigusa. Naishusha, napima; naipandisha, napima tena. Mara ya nne jiwe linasoma 40, kona ya mbali 26. Namweka juu ya jiwe. Anatambaa kurudi kwenye kona yake. Namrudisha, nashikilia kiganja mgongoni mwake, nahesabu pumzi zake. Safari hii anabaki. Anajitandaza bapa kama chapati.

Saa 7:40 mchana

Mawingu yamefunguka, kama yanavyofanya Julai hapa, saa mbili tatu tu. Namtoa nje, namweka kwenye kizimba cha waya uani, nusu jua nusu kivuli. Sanduku la kioo silitoi juani kamwe: linageuka tanuri, na kioo chenyewe kinazuia ile miale ya jua inayomsaidia kutengeneza vitamini D. Taa yake ya miale ni ya tangu 2021. Inawaka, lakini taa hizo huchoka ndani ya mwaka mmoja au chini yake huku mwanga ukibaki uleule. Taa ya pili iliyonidanganya macho. Nakaa naye, kwa sababu ya kunguru, nikichambua mchele.

Baadaye beseni, maji ya vuguvugu yanayomfika kwenye viwiko. Natiririsha matone puani pake. Anatoa ulimi! Anaramba, anaramba tena. Nilihesabu mara kumi na tisa. Halafu anainua mkia na maji yanachafuka: choo cheusi, kigumu, na kipande cheupe kama chokaa. Chakula cha wiki mbili zilizopita kilikuwa bado kimo tumboni. Nakichota kwenye kichupa safi, nikiwa na furaha ambayo nikimweleza mtu wa kawaida hatanielewa.

Saa 11 jioni

Mwanangu anaingia, anatupa begi, anapiga kelele: "Mama, anapumua kwa mdomo!"

Babu yuko juu ya jiwe, mdomo wazi, kidevu rangi ya mchanga.

"Amepata moto wa kumtosha, ndiyo maana anaupunguza. Shika jiwe."

Anashika, anaitazama taa mpya, anaielewa kabla sijasema. Machozi yanamlenga. "Kwa hiyo ni mimi, Mama."

"Uliiweka wewe. Mimi niliitazama kila siku wiki tatu. Njoo tusome kipimajoto."

Anataka kumpa funza mmoja tu. Namkatalia. Keshokutwa.

Saa 3 usiku

Duru ya mwisho bandani: nyuzi 33, kimya. Ndani nazima taa ya Babu, kwa sababu usiku anatakiwa apoe. Nyuzi 20 zinamtosha. Amelala katikati ya sanduku. Mwanangu ameandika kwenye daftari kwa mwandiko wake wa shule:

Gramu 381. Jiwe 40. Amekunywa. Amepata choo. Hajala.