Hylesia: kundi B halipo

Leo nimefuta safu nzima kwenye daftari. Wiki sita nimewagawa hawa nondo dume 23 katika kundi A na B, na kumbe B hayupo. B ni kioo!

Hylesia ndiyo jenasi ya nondo hawa, na mabawa yao hayasaidii kitu, hasa wangu: wamekaa kwenye karatasi tangu miaka ya 80, wametoka Guyana ya Kifaransa, magamba yameshapukutika, wote rangi ya jivu. Jenasi ina spishi zaidi ya 100, kwa hiyo ni lazima ufungue tumbo uzitofautishe kwa umbo la viungo vya uzazi. Nikachemsha matumbo kwenye potashi ya asilimia 10, nikasafisha, nikatoa viungo hivyo. Namba 1 hadi 11 nikazibandika kwenye slaidi, chini ya kifuniko cha kioo, kwa zeri ya Kanada, ile gundi ya utomvu wa mti. Zeri ikaniishia, nikaona uvivu kuagiza nyingine, waliobaki nikawaacha kwenye gliserini.

Mnaona ninakoelekea. Mimi sikuona mpaka juzi nilipopanga picha kwa namba: 1 hadi 11 wote B, 12 hadi 23 wote A. Spishi gani hiyo inayojua siku zeri yangu ilipoisha?

Ankasi, ile ndoano ya juu, kwa B ilikuwa pana na butu. Valva, yale mabamba mawili ya pembeni, zilikuwa zimetanuka. Nilichora, nikapima, nikajisifu. Jana nikamchukua namba 14, A safi kabisa, nikamwekea kifuniko cha kioo na kukibonyeza huku natazama. Valva, ambazo kwa kawaida hukabiliana kama viganja vinavyochota maji, zikafunguka na kulala chali. Ndoano ikabinuka, ikaonekana pana. Amekuwa B mbele ya macho yangu. Namba 3 nimemloweka kwenye zailini, inayoyeyusha zeri, ili nimbandue. Ndoano imerudi nyembamba, ila valva ya kushoto imekatika. Basi.

Sasa sibonyezi mtu. Napiga picha ndani ya jeli ya kutakasa mikono: inashika kiungo pembe ileile unayoitaka, haidai pesa nyingi, na ukiijaza mapema jioni mapovu yote yanakuwa yamepanda asubuhi. Gliserini peke yake inateleza, kiungo kinageuka ukivuta pumzi tu. Na kibano, jamani, nunueni kimoja chenye ncha kali cha mafundi saa, msinunue vitano vya bei poa kama nilivyofanya mimi.

Mpango ulikuwa nifungue majike wanne wiki hii. Nimefungua mmoja. Nywele za ncha ya tumbo lake, zile anazofunikia mayai, zimenipata mikono yote miwili hadi shingoni, kama nimepita kwenye upupu. Kule Guyana ya Kifaransa ugonjwa huu wa kuwashwa wanauita papillonite, na nondo wenyewe, H. metabus, viwavi wake hula mikoko. Miaka arobaini kwenye karatasi na nywele bado zinawasha!

Lakini nilizitazama kwenye hadubini kabla sijaenda kuoga. Ni vimishale, vina ncha kali, vingine vina miba pembeni. Sasa ankasi imenichosha, nataka kujua kama vimishale vya majike wote wanne vinafanana. Nitavinasa kwa seloteipu, nimevaa glavu, kwenye varanda, maana mke wangu ameshauhamishia mradi huko pamoja na kiti changu.