Kabla ya kizimba, changieni chakula cha sato

Sisi wa ughaibuni tukichangia vikundi vya vijana nyumbani, tunapenda kulipia kitu kinachoonekana pichani. Kwa vijana wa Ilemela na Nyamagana, mkoani Mwanza, siku hizi kitu hicho ni kizimba cha sato, yaani wavu unaoelea ziwani wa kufugia samaki hao. Fremu, maboya, nyavu na vifaranga vinalipiwa, picha zinatumwa kwenye grupu, watu wanapongezana. Miezi michache baadaye chakula kimekwisha na samaki bado wana gramu 100, hawauziki.

Fanyeni hesabu mapema. Ukipandikiza vifaranga 5,000, tuseme 4,000 wakafika gramu 400, utavuna kilo 1,600. Kwa chakula kizuri cha kuelea, kila kilo ya samaki inakula kama kilo 1.6. Hiyo ni zaidi ya tani mbili na nusu, karibu mifuko 130 ya kilo 20, na sehemu kubwa inaliwa mwishoni, wachangiaji wakiwa wameshachoka. Hela ya mifuko yote haijapatikana? Pandikizeni wachache.

Msitume hela yote kwa mkupuo. Kila wiki mbili vijana wapime samaki 50 kwa ndoo na mizani, watume wastani pamoja na idadi ya mifuko iliyotumika. Mifuko ikipungua na uzito usipande, ama chakula kinauzwa pembeni, ama kinamwagwa haraka hadi mawimbi yanakisomba nje ya wavu, ama ni hafifu.

Kinachoua samaki wengi kwa mara moja ni upungufu wa oksijeni, hasa alfajiri. Wakionekana wanahema juu ya maji, wasipewe chakula. Wavu ulioziba kwa mwani usuguliwe maji yapite, na kizimba kisiwekwe kwenye ghuba iliyotulia yenye kina kifupi.

Kikundi kisajiliwe kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata, kikiwa na katiba, muhtasari wa kikao na akaunti yake. Hapo kinaweza kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya vijana. Vibali vya eneo vifuatiliwe kabla ya kununua hata boya moja. Na mshahara wa mlinzi wa usiku uingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, maana mwizi huja samaki wakishanenepa.