Kurasa za Nyuma za Daftari

Mizani ilisimama kwenye 95.1. Nikamwambia dada ashuke, apande tena. Akashuka, akapanda. 95.1. Wiki kumi na nne kabla ya Jumamosi ile tulikuwa tumeanza na 95.8.

Nilikuwa nimepiga magoti pembeni yake, daftari pajani, kalamu mkononi, kama karani wa mahakama. Labda niseme kwanza nilikuwa mtu wa namna gani siku zile. Mwaka uliotangulia nilipunguza kilo 17 kwa miezi minane, na mtu aliyepungua juzi hana tofauti na mlokole wa jana: kila anayekutana naye lazima aokoke. "Kila mtu anaweza," ndiyo ilikuwa kauli yangu, iwe kazini, msibani au kwenye foleni. Hata hesabu nilikuwa nayo. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Punguza 550 kila siku, na baada ya wiki mbili kilo nzima imekwenda. Hesabu haina ndugu, nilikuwa nikisema.

Kwa hesabu hiyo isiyo na ndugu, ndugu yangu alipaswa kuwa amepoteza kilo saba. Alikuwa amepoteza gramu 700.

"Dada, tuambiane ukweli," nikasema. "Usiku unakula nini?"

Amenizidi miaka tisa. Ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, na mimi hapo nilikuwa nimechuchumaa miguuni pake, namuuliza kama polisi. Hakunijibu. Akashuka kwenye mizani taratibu, akakaa kitini, akaanza kuvaa soksi. Nami ukimya ule nikauchukua kuwa ni kukiri kosa, nikaendelea. Nikamwambia siyo dhambi, hata mimi nilikuwa na udhaifu wangu, la muhimu ni kusema. Mengine niliyoyasema siyarudii hapa.

"Lete hilo daftari," akasema.

Nikampa. Lilikuwa daftari lake, alikuwa akirudi nalo nyumbani kila baada ya mazoezi, ila mimi nilikuwa nikiandika kwa mbele tu: tarehe, kilo, kiuno. Yeye akaligeuza juu chini, akalifungua kwa nyuma, akanirudishia.

Kulikuwa na kurasa karibu sita za mwandiko wake mdogo, ule wa kubana herufi. Wiki ya tatu: *Nimefunga kamba za viatu bila kukaa chini.* Wiki ya tano: *Nimepanda ngazi mpaka ghorofa ya nne, nimesimama mara moja.* Wiki ya nane: *Ghorofa ya nne, sikusimama.* Mapigo ya moyo alikuwa akiyahesabu kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani: 88 mwanzoni, kisha 81, kisha 76, wiki ile yalikuwa 70. Kilomita zetu mbili za kutembea kwa kasi zilikuwa zimeshuka kutoka dakika 27 hadi 19. Muda huo nilikuwa nikiushika mimi mwenyewe kwa saa yangu, nikimtajia, kisha nikiusahau kwa sababu haukuwa kilo.

Katikati ya hayo kulikuwa na mistari ya aina nyingine. *Nimeamka saa kumi na mbili. Sikulia.* Siku mbili mbele: *Sikulia.* Halafu: *Nimelia kidogo, nikaenda kutembea.*

Niliisoma mara mbili kabla ya kuinua uso.

"Nakunywa dawa za sonona," akasema. "Tangu shemeji yako afariki. Mwaka wa pili sasa. Daktari aliniambia mapema kwamba hizi ninazokunywa zinaongeza hamu ya kula, na uzito unaweza kupanda. Ulipanda kilo 12. Ulikuwa haujaacha kupanda mpaka tulipoanza haya mazoezi yako."

Sikuwa na la kusema. Nikamuuliza swali la kijinga, kwa nini hakuniambia.

"Ningekwambiaje? Wewe kila nikikukuta unahubiri."

Kwa hiyo gramu zile 700 ambazo mimi nilizisoma kama uvivu zilikuwa ni mwili uliokuwa ukipanda mlima kwa miaka miwili, ukasimama, ukaanza kugeuka. Mizani ilikuwa imesema kweli, aliyekosea kuisoma ni mimi. Na hata kabla ya kufika kwenye dawa, ushahidi ulikuwa uwanjani kila Jumamosi. Wiki za mwisho yeye ndiye aliyekuwa akizungumza tukipanda kilima. Mimi nilikuwa nikiitikia kwa "mh" kwa kukosa pumzi.

Baadaye nilianza kusoma, kwa aibu zaidi kuliko kwa hamu. Nikakutana na jaribio la Kanada lililochapishwa 1990: jozi 12 za vijana mapacha wa kufanana walizidishiwa kalori 1,000 kwa siku, siku 84 ndani ya siku 100. Chakula cha ziada kilikuwa sawa kwa wote. Aliyeongezeka kidogo kabisa alipata kilo 4.3, aliyeongezeka sana kilo 13.3, na pacha alielekea kufanana na pacha mwenzake. Nikasoma pia utafiti wa HERITAGE wa Marekani na Kanada, ambapo watu wasio na mazoea ya mazoezi walifanyishwa mpango mmoja kwa wiki 20. Kwa wastani uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulipanda, lakini wapo waliopanda sana na wapo ambao hawakusogea, au walisogea kidogo mno. Kwa hiyo hata upande wa pumzi, ambako dada alikuwa akinipita, hatukugawiwa sawa. Kilo zangu 17 nilikuwa nimezitolea jasho, silikatai hilo. Ila sikuwa nimejua kwamba mwili wangu ulikuwa umeniachia njia. (Sita kati ya hizo zimerudi, nikiwa nafanya yaleyale. Hakuna aliyeniuliza nakula nini usiku.)

Dada alikwenda kwa daktari wake kuuliza kama dawa inaweza kubadilishwa. Akaambiwa zipo zisizogusa uzito sana, lakini kuhama hufanywa kwa hatua, chini ya uangalizi, na hakuna ahadi kwamba mpya itamfaa kama hii. Akaniletea jibu lake akiwa amesimama mlangoni, mkoba bado begani: "Nimemwambia tusubiri. Asubuhi naamka vizuri. Siwezi kuichezea hiyo kwa ajili ya kilo."

Zamani ningekuwa na hotuba. Nikasema sawa, dada.

Jumamosi iliyofuata sikudhani angekuja. Alikuja, tena kabla yangu. Nilimkuta uwanjani ananyoosha miguu. Mizani niliiacha ndani. Tukatembea zile kilomita mbili, na kwenye kilima akanitangulia bila kugeuka. Nilimkuta mwisho wa njia, mikono kiunoni, uso unang'aa jasho.

"Dakika ngapi?"

"Kumi na nane na sekunde arobaini."

Akatoa daftari kwenye mkoba, akanipa na kalamu. Nikalifungua kwa mazoea.

"Siyo huko," akasema. "Nyuma."