Siku moja maishani mwangu: kaunta ya maktaba, Spokane

Nikisema nafanya kazi maktaba, watu huniambia, "Una raha wewe, unakaa tu unasoma." Basi niwapitishe Jumanne yangu, hapa Spokane, jimbo la Washington, Marekani.

Saa mbili na nusu asubuhi. Sanduku la kurudishia vitabu limefurika. Tunavitoa, tunavipitisha kwenye mashine, tunavipanga kwenye toroli, tunavirudisha rafuni. Rafu za chini ndizo zinazomaliza magoti.

Saa nne tunafungua. Mpaka saa sita ni kuchapishia watu fomu za uhamiaji, kutafuta kadi zilizopotea, na kumwacha alale yule baba anayekuja kukimbia baridi.

Saa saba akaja mama mmoja na riwaya ya Sherman Alexie, *The Absolutely True Diary of a Part-Time Indian*, imebandikwa vijikaratasi vya njano. Akataka iondolewe kwenye rafu za vijana siku hiyo hiyo. Akaanza kunisomea mistari aliyoitia alama, kwa sauti, huku foleni ikirefuka nyuma yake: matusi, pombe, mvulana anayeongelea mwili wake. Kweli imo yote. Nilimsikiliza nimesimama, maana kazi hii hairuhusu kubishana na msomaji.

Riwaya hiyo ilitoka 2007 na mwaka huo huo ikapata tuzo ya taifa ya vitabu kwa upande wa vijana. Inamhusu Junior, anayekulia Wellpinit, katika eneo walilotengewa Waspokane, kabila la Wahindi Wekundu lililoupa mji wetu jina, nalo ndilo kabila la mwandishi. Alizaliwa na maji kichwani, ana kigugumizi, anachora vibonzo. Mbwa wake anapougua, nyumbani hakuna pesa ya daktari, hivyo baba anachukua bunduki. Siku ya kwanza ya somo la jiometri anafungua kitabu alichogawiwa na kukuta jina la mama yake, lile la kabla hajaolewa. Kitabu kile kile alichosomea mama! Kwa hasira anakirusha, kinampata mwalimu puani. Mwalimu huyo huyo ndiye anayekuja kumwambia aondoke pale akasome kwingine. Anahamia Reardan, shule ya Wazungu, ambako Mhindi Mwekundu mwingine pekee ni yule wa kwenye nembo ya timu. Huko anatukanwa kwa asili yake, na nyumbani anaitwa msaliti.

Kurasa hizo hazikuwa na kijikaratasi hata kimoja.

Mama akasema kitabu kinawaonyesha watu wale kuwa walevi na maskini. Akaongeza, "Wewe si wa hapa, huwezi kuelewa." Nilikulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Kigoma. Najua kugombania kitabu kimoja dawati zima, kina majina ya waliotutangulia. Na nimeishi hapa vya kutosha kujua umaskini wa Waspokane haukuanzia kwenye chupa. Waliishi kwa samoni. Bwawa la Grand Coulee, lililojengwa kati ya 1933 na 1942, likaziba njia ya samaki hao kupanda mto. Hayo yote sikuyasema. Nilimpa fomu ya malalamiko na kalamu.

Akaanza kuandika, akasimama, akaniuliza kama najua habari za mwandishi mwenyewe. Najua. Mwaka 2018 wanawake walimshutumu kwa unyanyasaji wa kingono, na American Indian Library Association, chama cha maktaba cha Wahindi Wekundu, ikaifuta tuzo iliyokipa kitabu hiki 2008. Nilimjibu kwamba hilo ni kweli na ni zito, aliandike pia. Wanawake hao wana haki ya kusikilizwa. Ila mtoto anayemhitaji Junior hakumkosea mtu.

Ilipita saa nzima. Chakula changu cha mchana nilikila nimesimama, nikipokea simu.

Baadaye muda sikuuangalia tena. Wanafunzi waliingia wote kwa pamoja, printa ikakwama, toroli likajaa upya, miguu ikavimba. Mwenzangu wa zamu aliponiona nanuna akanikumbusha kwamba riwaya hii ndiyo inayoongoza orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi Marekani kati ya 2010 na 2019. Makarani wangapi wamesimama pale niliposimama mimi! Hilo lilininyoosha mgongo.

Fomu nimeipeleka kwa kamati. Wanakamati wote watakisoma kitabu chote, mwanzo hadi mwisho, ndipo waamue, na mpaka hapo hakiondoki rafuni. Nimebandua vijikaratasi vya njano, nimekirudisha kwenye herufi A, na pembeni nimepanga riwaya za waandishi wengine wa makabila ya wenyeji, wanawake wakiwa mbele. Anayetaka kuazima aje na kadi yake. Kwa vijana wa hapa ni bure.