Landrover 109 mezani kwangu: kumbukumbu za miezi mitano na madigadi niliyoyang'oa

12 Aprili

Nimeanza rasmi kutengeneza gari la mfano. Kwenye daftari nimeandika "Landrover 109, Series IIA, skeli 1:10", nikapigia mstari mara mbili, kisha nikamwita mama watoto aje aone. Akauliza litabeba nini. Nikamwambia halibebi kitu, ni la kutazama. Akarudi kwenye mboga zake.

Gari lenyewe ni aina aliyoendesha baba mkubwa kati ya Mbeya na Chunya kabla ya lami, akipakia wachimbaji, magunia ya mchele, na mbuzi ambao, kwa maelezo yake, hawakuwahi kubishania nauli. Ile 109 ni inchi, kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Zidisha kwa 25.4, unapata milimita 2,769. Gawa kwa kumi, 277. Urefu mzima wa gari ni milimita 4,445, kwa hiyo langu litakuwa sentimita 44 na nusu. Meza yangu ina sentimita 60. Nafasi ya kikombe cha chai imebaki.

Bodi nitaitengeneza kwa pleti za alumini. Nafanya kazi kwenye matbaa ndogo hapa mjini, na pleti zikishachapa huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Ni nyembamba, zinakatika kwa mkasi wa kawaida, na ukikunja kwenye ukingo wa rula unapata kona kali. Halafu kuna jambo linanifurahisha hapa: gari halisi nalo bodi yake ni ya alumini. Lilipooneshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, ndipo waundaji wakakimbilia aloi ya alumini iitwayo Birmabright, wakaacha paneli nyingi ziwe bapa ili zisihitaji mashine kubwa za kukandamiza. Yaani ni gari lililobuniwa na watu waliobanwa na vifaa. Mimi nimeingia kwenye mradi huu kwa mlango huohuo.

27 Aprili

Chasisi imenisumbua wiki mbili. Alumini sikuiweza kuilehemu. Nilijaribu usiku mzima, risasi ya kulehemia inateleza juu yake kama maji kwenye jani la gimbi. Fundi redio wa jirani alicheka, akanieleza kwamba alumini ina utando juu yake unaokataa risasi. Ukiukwangua unarudi palepale. Basi chasisi nimehamia kwenye bati la kopo la maziwa ya unga. Hilo linashika risasi vizuri sana.

Chasisi halisi ni mabamba ya chuma yaliyochomelewa pamoja yakawa sanduku refu lenye uwazi ndani. Nami nikakata vipande vinne kwa kila upande, nikaviunga. Kosa langu ni kwamba nilianza mwisho mmoja nikaenda moja kwa moja hadi mwisho wa pili. Moto ukavuta bati. Nilipoiweka chasisi juu ya kioo, mguu mmoja ulining'inia milimita tatu. Milimita tatu hapa ni sentimita tatu kwenye gari la kweli, na gari hilo lingekuwa linatembea kama mtu mwenye kiatu kimoja. Nikaifumua. Safari hii nikagusa nukta mbele, nukta nyuma, nukta kushoto, nukta kulia, huku nimeibana kwenye ubao, ndipo nikajaza katikati. Imelala kwenye kioo kimya.

11 Mei

Leo nimekwenda kupima gari la kweli. Kuna yadi nje kidogo ya mji ambako 109 moja imekaa juu ya mawe, nyasi zimetokea kwenye sakafu. Mlinzi aliniruhusu kwa bei ya soda mbili. Nilikuwa na futi ya cherehani ya mama watoto (niliirudisha ikiwa na grisi, hilo tuliache), nikapima kila kitu nilichoweza kufikia: upana wa mlango, kina cha boneti, nafasi kati ya bawaba, vile vimilango viwili vya hewa chini ya kioo cha mbele. Mita ziko katikati ya dashibodi. Sho, ule uso wa mbele, ni ya wavu. Taa kubwa zipo kwenye madigadi. Nikachora kila kitu, nikapiga picha arobaini na kitu.

Kumbuka hizo taa.

1 Juni

Ribiti. Hapa nataka kueleza kwa kirefu, maana ndicho kitu pekee ambacho nadhani nimekigundua mwenyewe.

Ukitazama Landrover kwa karibu utaona vichwa vya ribiti vimejipanga kila mahali paneli inapokutana na paneli. Usipovitia, gari lako linaonekana kama la plastiki hata kama umelitengeneza kwa alumini tupu. Nilijaribu kubandika matone ya gundi: yakatoka makubwa na madogo, kama tetekuwanga. Nilijaribu vichwa vya pini vilivyokatwa: bodi ikatobokatoboka. Mwishoni nikachukua kalamu ya wino iliyokauka. Ile gololi ndogo kwenye ncha ndiyo dawa. Unalaza pleti kifudifudi juu ya soli ya ndala, unaweka rula, unabonyeza kalamu kutoka nyuma, nukta moja, unasogea milimita tatu, nukta nyingine. Ukigeuza upande wa mbele unakuta vichwa vidogo vya mviringo, vyote saizi moja. Siri iko kwenye soli. Ukiweka pleti juu ya mbao, haibonyei. Ukiweka juu ya godoro, inabonyea eneo zima. Soli ya ndala inakubali kiasi.

Upande mmoja wa bodi ya nyuma una nukta 64. Nilikosea ya 61. Ukikosea hakuna kufuta.

Soli hizohizo ndizo zimezaa matairi. Tairi la 7.50-16 lina kimo cha kama sentimita 80, kwangu ni nane. Nimekata duara mbili, nikazibandika pamoja kupata upana wa milimita 19, kisha nikazifunga kwenye drili ya mkono na kuzisugua kwa msasa zikizunguka. Chumba kizima kilinuka mpira uliochomwa. Kashata za tairi nimechonga kwa wembe, tano kwa pamoja na la spea, na wembe ulinionja mara mbili.

6 Julai

Baridi ya mwezi huu inaua gundi. Ile ya kuchanganya mirija miwili, ambayo Aprili ilikuwa inakamata usiku mmoja, sasa asubuhi naikuta bado inanata. Sanduku la mbele, madigadi na boneti vyote nimevibana kwa vibanio vya nguo na kuviweka kwenye dirisha la jua la mchana. Boneti inafunguka. Milango inagawanyika katikati kama ya kweli, kile kipande cha juu chenye vioo vya kusukuma kinatoka. Nilipiga picha nyingi mno. Nilikuwa najiona fundi kwelikweli.

20 Julai

Tukuyu. Nililifunga gari kwenye khanga, nikaliweka kwenye boksi la viatu vya buti, nikapanda basi dogo la Kyela boksi likiwa mapajani. Kuanzia Isongole mvua nyembamba, ukungu, migomba. Baba mkubwa alikuwa ameketi barazani na blanketi begani. Miguu imemchoka siku hizi ila kichwa kiko salama.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Ndaga, umekuja na nini?"

Nikalifungua. Akalichukua kwa mikono miwili, akalisogeza karibu na uso, akaligeuza pole pole. Alikaa nalo hivyo muda mrefu. Nikawa nasubiri sifa.

"Hili la nani?"

"Lako, baba. Lile la Chunya."

"Langu halikuwa na macho pembeni kama chura."

Akanionesha kwa kidole. Gari lake, ambalo tajiri wake alilinunua likiwa jipya mwaka 1965, taa zake kubwa zilikuwa zimekaa katikati, huku na huku ya wavu wa sho, si kwenye madigadi. "Usiku ukikutana na mtu kule Kawetele, kwa mbali anadhani kinakuja kipikipiki. Anakaa katikati ya njia. Ukimkaribia ndipo anaruka."

Nilitaka kubisha. Nilikuwa na picha arobaini. Lakini hesabu ilikuwa imeshaanza kujipanga yenyewe kichwani: Series IIA ilianza 1961 ikaenda hadi 1971, na taa zilihamishiwa kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya sitini. Gari la yadi ni la mwishomwisho. La baba mkubwa ni la mwanzo. Yote mawili ni IIA, nami nilipima moja nikaliita jina la lingine.

Hakuishia hapo. Akaingiza kidole ndani ya mlango. "Gia zako ziko ngapi? Naona kijiti kimoja. Viko vitatu mwanangu. Cha gia, chenye rungu la njano, na chekundu." Cha njano unakibonyeza chini, magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Chekundu unakivuta nyuma kupata gia nzito za mlima, na hicho hukivuti gari likitembea. Akawa anafanya kwa mkono hewani: bonyeza, vuta, mguu wa kushoto ukisogea chini ya blanketi kutafuta klachi.

Tulikula ndizi na maharage. Nilirudi Mbeya jioni, boksi mapajani, nikiwa na orodha.

3 Agosti

Nimeng'oa madigadi yote mawili na uso wote wa mbele. Gundi niliyoilalamikia Julai kwamba haishiki, Agosti inakataa kuachia. Kisu cha moto kilisaidia, ila ukingo wa boneti ulijikunja na nao umebidi urudiwe. Kwa hesabu yangu ni kazi ya wiki sita iliyokwenda na maji.

Uso mpya una wavu wenye umbo la T iliyopinduliwa, kichwa chini, taa zikikaa juu ya mabega yake. Wavu nimeutoa kwenye chujio la chai. Lilikuwa la zamani, nimenunua jipya, ugomvi umekwisha. Madigadi ya zamani yenye macho ya chura mwanangu ameyachukua, ameyafunga kwa mpira kwenye gari lake la waya, na linakwenda nayo hadi dukani na kurudi.

17 Agosti

Taa. Kipenyo cha taa halisi ni inchi saba, sawa na milimita 178, kwangu ni karibu 18. Nilikata kipande cha chupa ya maji ya plastiki, nikakishika kwa koleo juu ya mshumaa mpaka kikalegea, nikakikandamiza juu ya gololi kubwa. Cha kwanza kiliungua. Cha pili kilijikunja kama bagia. Cha saba kilitoka kizuri, nikakikata mduara wa milimita 16, nikakizungushia waya wa shaba wa milimita moja. Kumi na nane kamili. Nyuma yake nimeweka karatasi ya fedha ya sigara. Ukiwasha tochi mbele yake, inakutazama.

Vijiti vya gia ni pini tatu. Rangi ya vichwa: nyekundu ni ya kucha, nimeomba. Ya njano haikuwepo kwenye kucha za mtu yeyote ninayemfahamu, nikachukua ya alama za barabarani kidogo kwa rafiki.

7 Septemba

Rangi imepigwa: kijani kilichoiva chini, paa jeupe lenye uchovu kidogo. Mara ya kwanza nilipiga jioni, ubaridi ukaingia kwenye rangi, asubuhi gari lote lilikuwa na ukungu wa maziwa. Msasa wa maji namba 1000, kisha nikarudia saa saba mchana. Kijani chenyewe kimechanganywa mara mbili. Cha kwanza kilikuwa cha basi.

Nimempigia baba mkubwa kwa simu ya jirani yake, nikamsimulia taa, nikamsimulia vijiti. Akasikiliza. Kisha akauliza kuhusu mlango wa kushoto.

"Una nini?"

"Ulikuwa haufungi. Kitasa kilikufa siku nyingi. Tuliufunga kwa waya."

Mlango wa kushoto ndio uliotoka vizuri kuliko vyote. Bawaba zake zinacheza bila sauti, na kitasa nilikichonga kwenye mpini wa kijiko siku tatu. Niliutazama hadi chai ikapoa. Halafu nikakwangua kitasa, nikatoboa tundu kwenye nguzo na tundu kwenye mlango, nikapitisha uzi mmoja wa shaba niliouchomoa kwenye waya wa umeme.

Nimeuzungusha mara mbili. Yeye alisema mara tatu na ncha igeuzwe ndani ili isichane nguo za abiria. Kesho naufungua tena.