Kumbukumbu ya TV ya chogo: mstari mmoja katikati ya kioo

Siku ya 1

TV yenyewe ni ya rangi, inchi 21, ya chogo, na imekaa stoo miaka kadhaa tangu picha yake ianze kusumbua. Nimeitoa kwa sababu ya kanda za VHS za familia. Kanda hizo nikizicheza kwenye TV bapa, rangi zinachuja na sura za watu zinakuwa kama zimelowa maji. Zilirekodiwa enzi ya vioo vya aina hii, na nataka kuziona kwenye kioo cha aina hii.

Nilipoiwasha, sauti ilikuja safi kabisa. Hata ule mlio mwembamba wa hertsi 15,625, ambao watoto huusikia kuliko watu wazima, ulikuwepo. Kioo kikabaki cheusi sekunde chache, halafu ukatokea mstari mmoja mweupe, mkali, mwembamba kama uzi, kutoka kushoto hadi kulia katikati kabisa. Nikawahi rimoti nikashusha mwangaza, kisha nikazima. Mstari wa namna hiyo ukiachwa uwake, unaunguza fosfori ya kioo, yaani ule unga unaong'aa, na alama yake haifutiki.

Ila umenieleza mengi kabla hata sijashika bisibisi. Sauti ipo, maana yake ugavi wa umeme unafanya kazi. Kioo kinawaka, maana yake flaibaki, transfoma ya volti kubwa, inatoa zile volti zake elfu ishirini na ushee. Mstari umefika kingo zote mbili, maana yake mlalo, saketi inayopeleka miale kushoto na kulia, ni mzima. Kilichokufa ni wima peke yake, yaani saketi inayoshusha na kupandisha miale ya elektroni mara 50 kwa sekunde. Kwa hiyo kati ya bodi nzima, mimi nina eneo la kama kiganja cha mkono la kutafuta.

Siku ya 2

Plagi ilichomolewa tangu jana, na bado sikuiamini. Kapasita kubwa ya ugavi, kifaa kinachohifadhi chaji, hubeba volti 300 na zaidi, na tyubu yenyewe, ile chupa kubwa ya kioo, ni kapasita: ina mpako unaopitisha umeme ndani na mwingine nje, kioo kikiwa katikati, na chaji yake inaweza kukaa muda mrefu TV ikiwa imezimwa. Nilifunga waya kwenye bisibisi bapa yenye mpini mzima wa plastiki, ncha ya pili nikaibana kwenye ule msuko wa waya uliolala juu ya mpako mweusi nyuma ya tyubu. Mkono wa kushoto nikauweka nyuma ya mgongo. Kisha nikaipenyeza bisibisi taratibu chini ya kikombe cha mpira kinachofunika pale waya wa flaibaki unapoingia kwenye tyubu. Tap! Chaji ilikuwepo. Nikarudia mara mbili zaidi hadi pakawa kimya. Tafadhali usiruke hatua hii, na usiegemee shingo ya tyubu unapovuta bodi. Kioo cha pale ni chembamba, na kikipasuka hewa inaingia ndani na hakuna tena cha kutengeneza.

Vumbi lilikuwa limeganda kama blanketi. Nililitoa kwa brashi laini na kavu.

IC ya wima, yaani kipande kimoja chenye saketi nzima ndani yake, imefungwa kwenye bati la kupooza joto: LA7840, miguu saba. Niligeuza bodi, nikasogeza taa kwa ubavu na kuangalia kwa lenzi. Kwenye mguu wa 6, unaopokea volti zake, kulikuwa na duara jembamba jeusi kuzunguka mguu wote. Ukitazama haraka utadhani ni uchafu. Nikausukuma mguu kwa kijiti cha mbao: mguu ukacheza, risasi ya kulehemu ikabaki palepale. Mguu wa 2, unaopeleka mkondo kwenye yoki, zile koili za shingoni mwa tyubu zinazopinda miale, nao ulikuwa umeanza duara lake upande mmoja.

Sababu ni joto. IC ikipata moto inatanuka, ikizimwa inanywea, siku baada ya siku kwa miaka, na juu yake bati zito linaivuta. Sikuongezea risasi juu ya ile ya zamani. Niliifyonza yote, nikasafisha miguu na kulehemu upya miguu yote saba. Miguu ya flaibaki na ya transfoma ndogo ya mlalo nikaifanyia hivyohivyo, maana nayo huchoka kwa namna ileile.

Nikawasha kupitia balbu ya wati 100 niliyoiunganisha mfululizo na TV, ili kama kuna shoti balbu ndiyo iwake badala ya kuungua kitu. Balbu ilimetameta kisha ikafifia. Nikaitoa, nikawasha moja kwa moja, na kioo kikafunguka juu hadi chini. Nilipiga kelele ya furaha.

Lakini sentimita tano za juu hazikuwa sawa. Picha ilikuwa imejikunja kama ukingo wa shuka: paji la uso la mtangazaji limerudi chini juu ya macho yake, na mistari myeupe imepita hapo kwa mshazari.

Siku ya 4

Nilibadilisha IC. Nilikuwa nimesadiki kwamba kama miguu imechoka, na yenyewe imechoka. Nikaweka mpya, nikawasha: mkunjo uleule, mahali palepale. Ndipo nikakaa chini kufikiri kile ambacho picha yenyewe ilikuwa inasema.

Katika mfumo wa mistari 625, nusu picha moja inachukua milisekunde 20. Miale inashuka polepole ikichora, halafu inatakiwa kuruka kutoka chini kurudi juu ndani ya mistari 25 ambayo haionyeshwi, yaani milisekunde 1.6. Kushuka ni kazi nyepesi, volti 24 hivi za IC zinatosha. Kuruka kurudi ndiko kunakohitaji nguvu, na kwa muda huo mfupi IC inajiongezea volti karibu mara mbili kwa kutumia kapasita moja iliyoshikana na mguu wa 3 na wa 7. Kapasita hiyo ikiishiwa, miale inarudi kwa kuchelewa. Picha mpya inaanza kuchorwa wakati miale ingali inapanda, na sehemu ya juu inajikunja. Kama tatizo lingekuwa chini, picha ikibanwa au kupunguka huko, ningeanza na ile kapasita kubwa inayofuatana na yoki.

Kapasita yenyewe ni ya mikrofaradi 100, volti 35. Ilikuwa imesimama karibu kabisa na bati la kupooza, plastiki yake imenywea na kurudi nyuma ikaacha kichwa cha alumini wazi. Haikuvimba wala kuvuja. Niliichomoa nikaipima: mikrofaradi 9. Imekauka.

Nikaweka nyingine inayostahimili joto la nyuzi 105, upande wa hasi ukiwa pale ulipokuwa, na safari hii nikaacha miguu yake mirefu kidogo ili niilaze mbali na bati. Mkunjo umekwisha. Ile IC ya kwanza nimeihifadhi, maana haikuwa na kosa lolote.

Siku ya 6

Rangi. Pembe ya chini kushoto kulikuwa na doa la zambarau, na chochote cheupe kikipita hapo kinabadilika. Nyuma ya kioo kuna bati jembamba lenye matundu linaloongoza kila mwale kwenye rangi yake. Likishika usumaku, mwale mwekundu unaangukia pa mwenzake. TV huondoa usumaku huo yenyewe kila inapowashwa, kwa koili iliyozunguka tyubu na posista, kifaa ambacho kikipata moto kinaukata mkondo taratibu. Nilichomoa posista nikaitikisa sikioni: inacheza ndani kama punje kavu. Kisahani kimepasuka.

Baada ya kuweka mpya, ukiwasha unasikia "nguuu" fupi. Doa halikuisha mara moja. Niliwasha na kuzima mara tatu, kila mara nikisubiri nusu saa posista ipoe, la sivyo haifanyi kazi. Mara ya tatu pembe ikawa safi.

Siku ya 8

Nimecheza kanda ya kwanza. Nyekundu ya kitenge cha mama imetulia ndani ya mipaka yake, haimwagiki kama kwenye TV bapa. Nimeitazama mpaka mwisho, nikairudisha, nikaitazama tena.

Kuna jambo moja limebaki. Kwenye sehemu zenye giza naona mistari hafifu ya mshazari, ile ya miale inaporudi juu. Nimekirudisha nyuma kidogo kitufe cha skrini kwenye flaibaki, imepungua, lakini nikiendelea zaidi picha nzima inafifia. Kesho nitapima volti zinazolisha transista za rangi kwenye bodi ya shingoni, zinazotakiwa kuwa kama 180, maana zikipungua mistari hiyo huonekana. Kapasita inayozituliza volti hizo ni ya mikrofaradi 10, volti 250, na imesimama ubavuni mwa flaibaki, kwenye joto.